Permi Haikumkataza Mama

Jumanne, mbele ya ofisi ya uwanja wa ndege wa Butembo, nilimkuta mama mjamzito amelazwa kwenye kipoyi, machela ya miti. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, daktari wa kupasua yuko Beni, na barabara imefungwa na mapigano. Mfanyabiashara mmoja anayerusha mwenyewe kindege chake cha viti vinne alijitolea kumpeleka bure.

Mkubwa wa ofisi aliishika permi ya yule mfanyabiashara, leseni yake ya urubani, kwa vidole viwili.

“Hii ni permi ya privé. Privé ni kusema unaruka we peke yako.”

“Hapana, chef. Inanikataza kulipwa tu. Kubeba mutu bure inaniruhusu. Soma hapa.”

“Unanifundisha kazi? Huyu mama hapana kupanda.”

Mume akapiga magoti. “Chef, pardon, bibi yangu anakufa.” Mkubwa akafunga dirisha.

Hapo akafika komanda wa jeshi na magodoro mawili, akaamuru kindege kile kimpeleke yeye na magodoro yake Beni. Mkubwa yule yule akagonga muhuri na kupiga saluti. Rubani alipoomba magodoro yashushwe, mama apande, alionyeshwa bunduki, akaruka na komanda na magodoro.

Mume na wenzake walimbeba mama mabegani, wakapita mashambani, wakafika Beni kesho yake. Yeye yuko hai. Mtoto walimzika.

Permi ile nimeisoma mstari kwa mstari. Hakuna unaomkataza mama, wala unaosema magodoro yapande kwanza. Aliyemkataza ni mtu, na leo asubuhi nimempita, ameketi palepale dirishani, anakunywa chai.