Kofia za Kavutha

Esther Kavutha Muthama, binti ya Ndunge msukaji wa vyondo, mjane wa Kiema fundi wa mapaa, ndiye aliyewavisha kofia akina mama wa nusu ya makanisa ya Nairobi. Ndiye aliyebandika kisigino cha kiatu cha bibi harusi pale pale kwenye ngazi za kanisa, na bibi harusi akacheza hadi jioni. Katika kibanda chake cha Kenyatta Market vijiti vya gundi havipumziki: rimoti iliyopasuka, mkono wa mwanasesere, ua la kofia. Anakitia kijiti kwenye bunduki ya gundi ya umeme, kinayeyuka, anabandika. Na hakuwahi kurudishiwa kazi.

Hadi Jumamosi hiyo simu ilipolia kutoka Spring Valley.

"Mama Kavutha, maua yamebanduka," alisema Wangeci, shangazi wa bibi harusi. "Kofia zote. Tuliziacha kwa gari, juani. Na kanisani tunaingia saa nane."

"Kwa gari? Hilo si gari, ni oveni."

"Gari ni langu, kofia ni zako. Unakuja?"

"Niko njiani," alijibu, kikombe cha chai bado mkononi.

Akakata simu. Akainuka, akaketi, akainuka tena. Akapanga riboni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Akatoka hadi mlango wa saluni ya jirani, akarudi bila kusema alichofuata. Gundi hii hulegea kwa joto, hilo analijua tangu zamani. Ndiyo maana kila ua lake hushonwa kwanza, gundi ikafuata kuficha uzi. Lakini haya hakuyashona. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka, sindano haiendi inakotumwa, na badala ya kumwambia mtu, aliongeza gundi.

Waceke, mke wa mwanawe na mama wa mjukuu wake Ryan, alikuwa akibandika lulu kwenye kitana.

"Mama, utachimba shimo hapo sakafuni."

"Nipe mkoba wangu. Naenda."

"Na mkono huo?"

"Mkono upi?"

"Huo umeuficha kwa aproni tangu Pasaka. Chai unamwaga wewe, paka ndiye anasingiziwa."

Kavutha akapiga hesabu. Akienda, watu wa harusi watauona mkono ule, na Jumatatu soko zima litajua. Asipofika mtu, jina limekwenda. Akachungulia nje, akaitazama saa, akachungulia tena.

Kisha akavuta droo. Akatoa bunduki, vijiti vya gundi, na sindano yake ndefu ambayo Waceke hakuwahi kuruhusiwa kuigusa.

"Shika, mama Ryan. Panda boda. Shona kwanza, mishono miwili mitatu kila ua. Gundi baadaye, kidogo tu, kama chumvi."

"Wangeci akiuliza uko wapi? Niseme unaumwa kichwa?"

"Sema mkono wangu unatetemeka, na kofia sasa ni kazi yako. Nenda."