Mkono wa Albano Komba Waamka Keko

Jua la Keko halijapata nguvu, na Albano Komba amekwisha kusimama juu ya gogo la mvule, msumeno mkononi, uso wa mtu anayengoja kusomewa hukumu. Chini, ndani ya shimo, mwenzake Alfonsi ameshika ncha ya pili.

"Vuta, Mngoni! Au mkono umerudi kulala?"

Albano anavuta. Msumeno unapanda. Unga wa mbao unammwagikia Alfonsi utosini, naye, kwa mara ya kwanza maishani, anashukuru.

Tangu masika mkono huo wa kulia ulikuwa umegoma. Yalianza maumivu nyuma ya bega, kisha nguvu zikatoweka. Kwa mpasua mbao wa juu, anayeinua msumeno kutwa, huo ndio mwisho wa kazi.

"Mie nilishajiona narudi Songea kulima kwa mkono mmoja," anasema Albano.

Kosa lake lilikuwa kumlalamikia mtani, maana Alfonsi ni Mpogoro. Wangoni na Wapogoro hutaniana hata msibani, na anayelia ndiye anayechekwa zaidi. Albano aliposema mkono umekufa, Alfonsi alidai sanda ya kuuzikia, kisha akazitangazia karakana zote kwamba mashujaa wa Kingoni wamekwisha.

"Alivyozidi kulia, nikazidi kucheka," anasema Alfonsi. "Angenyamaza, ningeshtuka."

Siku moja Albano alivua shati ili anawe. Juu ya kombe la bega lake nyama ilikuwa imebonyea.

"Hapa panakaa kikombe cha kahawa," Alfonsi alisema, akapagusa. Kidole kikazama. Kicheko kikamkatika, akamburura mwenzake hadi kwa Daktari Sadruddin, Temeke.

Daktari aliitazama picha ya mifupa. "Kombe la bega lina kijipengo ukingoni, na mshipa wa fahamu hupita humo. Kwa wengi kiko wazi. Chako, Bwana Albano, kimezibwa na mfupa tangu kuzaliwa, kikawa tundu jembamba. Ukiinua msumeno, mshipa unabanwa."

"Kwa hiyo si uvivu?" aliuliza Alfonsi.

"Si uvivu."

"Wala hakurogwa?"

"Wala hakurogwa."

Alfonsi alionekana kusikitika kidogo.

Hospitalini walikata kile kipande cha mfupa, na nguvu zikarudi polepole: kwanza kijiko, halafu ndoo.

"Usiku wa kwanza alipolala bila kugumia kwa maumivu," anasema mkewe, Adelina, "nilimwamsha nihakikishe yu hai."

Sasa Albano anatumaini kupasua mbao mpaka azeeke, na amepanga jinsi ya kujilinda. Utani hauachwi, lakini siku akiwa na neno la kweli, hatamwita mwenzake Mpogoro. Atamwita kwa jina lake la ubatizo; hiyo ndiyo ishara waliyopatana.

Gogo limefika nusu.

"Alfonsi!"

Msumeno unasimama ghafla. Kutoka shimoni inatoka sauti ya mtu aliyeingiwa na hofu: "Nini, ndugu yangu? Ni bega?"

"Hapana," anajibu Albano kwa upole. "Najaribu tu kama inafanya kazi."