Salamu Nilizozikalia

Sitakula kiapo. Nimekaa dukani miaka kumi na minne na nimejifunza kwamba anayeapa sana ndiye wa kuogopwa. Nitakueleza tu nilichokiona kwa macho yangu, mchana kweupe, jua likiwa utosini, nikiwa mzima wa mwili na akili. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nivumilie hata hivyo mpaka nimalize, kwa maana mwisho wake unakuhusu na wewe.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Mume wangu, Baba Nasra, alinileta Migori tulipooana, tukafungua duka la vitambaa na mitandio, na huko ndiko nilikozalia wanangu. Jirani yangu wa dukani ni Millicent, msusi, mwanamke wa Kijaluo asiyejua kununa. Yeye ndiye aliyenifikishia habari ya ile safari. Alisema kuna mtu wa Sindo, kule ziwani, anaitwa Ouma, amefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli za Pwani, sasa amerudi kwao na boti yake na miwani ya kupigia mbizi. Kila Jumamosi anachukua watu sita tu. Anawazungusha visiwani, anawaingiza kwenye pango waogelee, halafu wanashinda ufuoni kwenye mchanga mweupe mpaka jioni.

"Wewe Mama Nasra ndio unajua maji," aliniambia. "Mimi nitakaa kwa boti nikushikie simu."

Nilikuwa sijaogelea tangu niolewe. Utotoni mimi na kaka zangu tulikuwa hatutoki baharini. Je, unaijua hamu ya kitu ulichokiacha ukiwa mdogo, ukadhani umekisahau? Nilijishonea vazi refu la kuogelea, nikalifunika kwa buibui, na alfajiri ya Jumamosi tukaondoka.

Pale Sindo tuliwakuta walimu wanne kutoka Kisumu, wawili wanaume na wawili wanawake, basi tukatimia sita. Ouma alitugawia majaketi ya kuokolea, akatukagua mikanda mmoja mmoja kama mtu anayevalisha watoto wa shule. Nilimwamini kuanzia hapo.

Pango lenyewe liko kwenye kisiwa kidogo cha mawe kisichokaliwa na mtu. Mlango wake nusu uko majini. Unainamisha kichwa chini ya jabali, unapiga mikono kama mara kumi, halafu dari inainuka na unajikuta kwenye chumba cha mawe, chenye hewa, na ukingo mpana wa jiwe upande mmoja ambapo mtu anaweza kukaa. Mwanga unaingia kwa chini, kupitia majini, kwa hiyo kila kitu humo ndani kina rangi ya kijani. Ouma aliyapiga maji kwa kasia kwanza, kufukuza kiboko kama yupo. Kisha akaingia na walimu pamoja nami. Walimu hawakukaa, walitoka wakisema baridi. Mimi nikamwomba aniache kidogo peke yangu.

"Dakika tano, Madam," akasema. "Ukisikia filimbi, toka."

Nililaza uso majini, mrija mdomoni, nikitazama visamaki vidogo vya rangi ya samawati vikila kwenye mwamba. Ziwa si bahari. Baharini unaona mpaka chini. Hapa unaona mkono wako na vidole vya miguu kwa shida, zaidi ya hapo ni giza la kijani. Lakini nilikuwa na furaha, niamini. Nilikuwa na furaha ya mtoto.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa.

Niliinua kichwa. Kwenye ule ukingo wa jiwe alikuwa ameketi msichana wa miaka ishirini na kitu, miguu yake imezama majini mpaka magotini. Gauni la buluu lenye madoadoa meupe, limelowa chapachapa. Nywele zake nusu zilikuwa zimesukwa vizuri, mistari midogo midogo, na nusu nyingine imechanwa tu ikasimama, kama mtu aliyetoka kwa msusi kabla hajamaliziwa. Niliogopa? Sikuogopa. Kwa nini niogope? Nilidhani amekuja na wavuvi.

"Dada, umefikaje huku?" nikamuuliza.

"Maji ilinileta," akajibu, kwa Kiswahili cha huku.

Nikacheka. Nikamwambia boti yetu ipo nje, kama anataka tumtoe. Akatikisa kichwa. "Siwezi. Nimebanwa." Nikamtazama, sikuona kilichombana. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Migori.

"Basi wewe unaweza kufika Magunga," akasema. "Mama yangu ako hapo, nyuma ya kinu cha kusaga unga. Mwambie Awino anamsalimia. Mwambie asikubali wazike yago. Mwambie bado niko."

Hakulia. Alisema polepole, kama mtu aliyerudia maneno hayo mara nyingi akingoja wa kumpa. Nikamwambia, "Nitafika, inshallah." Nikanyoosha mkono, naye akaushika. Mkono ule ulikuwa baridi kama samaki aliyelala siku nzima kwenye barafu.

Filimbi ikalia nje. Niligeuza uso kutazama mlangoni, kitambo cha kupepesa jicho tu. Nilipomgeukia tena, hakuwepo. Na sikiliza hili: jiwe alilokuwa ameketi lilikuwa kavu. Mtu amelowa vile, angeondokaje bila kuacha hata tone?

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimemeza maji mengi na Millicent ananivuta mabegani kunipandisha botini. Niliwaambia mle ndani kuna msichana. Ouma alichukua tochi akaingia, akakaa muda, akatoka peke yake.

"Hakuna mtu, Madam."

Nikaanza kueleza gauni lake lilivyokuwa. Akainua kiganja kuninyamazisha. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hiyo maneno tusiongee tukiwa kwa maji," akasema kwa upole, akawasha injini.

Ufuoni wenzangu walicheza mpira, wakala samaki wa ngege wa kukaanga, wakapiga picha. Mimi nilijifunga taulo mbili juani, meno yakigongana. Millicent aliniuliza mara tatu nina nini. Nikamwambia ni baridi ya pangoni. Zile salamu sikumtajia mtu.

Usiku nilimweleza mume wangu. Baba Nasra ni mtu mwema, wala simlaumu. Alinisomea, akatemea maji, nikanywa. Kisha akasema, "Hayo ni mambo ya ziwani, si yetu. Una watoto. Nyamaza, yatapita."

Nami nikakubali haraka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikingoja mtu aniambie hivyo. Hebu fikiria: niende Magunga kwa mama nisiyemjua, nimwambie nimekutana na binti yako pangoni, anasema usikubali Yago azikwe? Mimi nilidhani Yago ni mtu. Nilidhani ni ugomvi wa mazishi, ndugu wanagombania marehemu azikwe wapi. Mimi mgeni, tena wa dini nyingine, naingilia kwa lipi?

Mvua za masika zikaanza. Nikasema njia ni mbaya, nitaenda zikipungua. Kisha Nasra akaugua malaria. Kisha mzigo wa vitambaa ukaja. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Ndivyo mtu anavyojidanganya vizuri.

Wiki ya saba, siku ya Jumatatu, nilikuwa kwa Millicent tunakunywa chai, mvua imekatika tangu wiki iliyopita. Akaniambia amechoka, Jumamosi alikuwa mazishini kwa jamaa za shemeji yake.

"Ilikuwa huzuni mbaya," akasema. "Tulizika bila mwili. Msichana alizama akitoka kisiwa ya Remba kununua omena, hizo dagaa za ziwa, miaka miwili imepita, hakupatikana. Wakazika yago."

Kikombe kilinitoka mkononi. "Yago ni nini?"

"Ni tunda ya mti, Mama Nasra. Kubwa, ndefu hivi, kama mkono ya mtu. Mtu akipotelea kwa ziwa, wanatafuta mpaka wanachoka, halafu hiyo tunda inawekwa kwa sanduku, inazikwa badala yake. Ikishazikwa, imeisha. Hakuna kumtafuta tena."

"Mazishi yalikuwa wapi?"

"Magunga."

Nilimweleza yote palepale. Hakunicheka. Alifunga duka, tukakodi gari, na saa nane mchana tulikuwa Magunga, nyuma ya kinu cha kusaga unga.

Kaburi tuliliona kabla ya nyumba. Lilikuwa nje ya boma, kando ya ua, udongo bado mbichi. Millicent alininong'oneza kwamba kwao msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, mwanamke mwembamba wa makamo, mikono imelala mapajani. Millicent alimsalimia kwa Kijaluo, akamwambia nimekuja na habari za Awino. Mama akanigeukia, akazungumza nami mwenyewe kwa Kiswahili.

"Ulimuona na macho yako?"

"Nilimwona, mama."

"Nywele yake ilikuwa namna gani?"

Nikamwambia. Nusu imesukwa, nusu bado. Alifunika mdomo kwa leso. Baadaye Millicent alinieleza: siku ile kule Remba rafiki mmoja wa Awino alikuwa akimsuka, boti ya kurudi Sindo ikaita abiria kabla hajamaliza, akaikimbilia hivyohivyo. Rafiki alimwambia mama peke yake. Hakuna mwingine aliyejua.

"Ilikuwa lini?" mama akauliza.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Nikasema, "Hii ni wiki ya saba."

Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Akasema, "Shemeji zangu walitaka kuzika tangu mwaka jana, nikakataa. Walisema namzuia mtoto kupumzika. Nikawaambia, nipeni mpaka hii mvua ikatike. Kama kuna mtu amemuona, atakuja kuniambia. Nikangoja. Mvua ikakatika, hakuna mtu amekuja. Nikakubali."

Mtu aliyekuwa akimngoja ni mimi, na mimi nilikuwa dukani napima vitambaa.

Niliomba msamaha, sijui kwa maneno gani. Hakuonekana kuyasikia. Alikuwa na swali moja tu, na alilitoa kwa sauti ndogo sana, akitazama mikono yangu.

"Alikuwa anasikia baridi?"

Wewe ungemjibu nini? Nilikumbuka ule mkono. Nikasema, "Hapana, mama. Hakuwa na baridi." Mungu anisamehe.

Kesho yake Ouma alitupeleka, mimi, Millicent, mama na shemeji zake wawili. Alikataa tumlipe hata mafuta. Lakini mvua zilikuwa zimelipandisha ziwa. Ule mlango wa pango haukuonekana kabisa, jabali limezama, maji yamejaa matope. Ouma alipiga mbizi mara tatu na tochi. Mara ya tatu aliibuka akitokwa damu puani, akasema ndani kumejaa mpaka darini, haoni hata kiganja chake, akiingia tena hatatoka. Shemeji mkubwa akasema basi. Kaburi lipo, sala zimesomwa, mtu hazikwi mara mbili. Hakusema kwa ukali. Naye pia alikuwa amechoka.

Mama alisimama botini, akashika ukingo, akaita kuelekea lile jabali. "Awino. Awino nyathina." Mwanangu, Awino. Aliita mpaka sauti ikakauka, akaendelea kuita kwa midomo tu. Ouma alizima injini akainamisha kichwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia twende.

Maji hayajashuka mpaka leo. Mimi sijaingia ziwani tena wala baharini, hata Malindi nikienda naishia kwenye mchanga. Lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni kwamba kila baada ya mwezi mmoja au miwili simu yangu inalia, ni mama wa Magunga. Huwa haombi kitu. Anasema tu, "Uje." Baba Nasra, ambaye mwanzo alinikataza, siku hizi ndiye anayenifungia sukari na majani ya chai ya kumpelekea. Nafika, tunaketi, ananiambia nimsimulie tena. Alivaa nini. Alikaaje. Alisemaje neno la mwisho. Namsimulia, naye anafumba macho akinisikiliza, na kila mara ananiuliza kitu kipya. Alikuwa amekonda? Alitabasamu hata kidogo? Nami namjibu. Miaka inavyokwenda uso wa yule msichana unanififia, na mengine ninayomjibu sijui tena kama niliyaona au nayatunga ili mama apate cha kubaki nacho. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Sikukatazi kwenda visiwani. Nenda, Ouma ni mtu mzuri, na mchanga wa kule ni mweupe kweli. Ninalokukataza ni kukalia salamu za mtu. Ukipewa neno la kupeleka, hata kama hulielewi, hata kama unaona haya, usilipime wewe, maana hujui nani ameketi mlangoni analingoja. Wala usihangaike kama aliyekutuma yu hai au amekufa. Uliza njia ya kwao, uende siku hiyohiyo.