Ngome ya Mjomba

Mjomba wangu amejenga ukuta mbele ya nyumba yake hapa Bariadi, mrefu karibu kufikia bati. Juu kapachika vipande vya chupa, na getini kaweka simba wawili wa saruji wanaofanana na mbwa wagonjwa. Pamba ya msimu mzima iliishia hapo. Nyuma umebaki uzio wa minyaa, kama kwa babu.

Jumapili moja nilimsimulia ngome ya Wahispania kule Havana. Waliijenga mdomoni mwa bandari, wakaelekeza mizinga baharini, wakalala fofofo. Waingereza wakashukia ufukwe wa pembeni, wakapanda kilima kilicho nyuma yake, wakaipiga kutoka nchi kavu mpaka wakaiteka. Nilidhani fumbo litamwingia.

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. "Watu wazima wanaacha mgongo wazi," alisema. "Na hao ndio walitawala wenzao."

Nilipoaga alinisindikiza, bado anacheka. Tulitokea nyuma, kwenye upenyo wa minyaa, tukawapisha mbuzi wa jirani waliokuwa wanaingia. Geti lile hufunguliwa mgeni akija na gari.