Beki na Swali la Daktari

Tangu beki wetu aondoke, hakuna anayeimba katika chumba chetu cha kubadilishia nguo. Aliimba taratibu nikimfunga plasta vidoleni, mimi mhudumu wa timu, wimbo nisioujua hadi leo, kisha uwanjani akapanda mabega ya wapinzani kuudaka mpira wa yai, kama ichezwavyo kandanda ya Kiaustralia. Sote tulijua pigo moja zaidi kichwani lingemstaafisha. Jumamosi moja, hapa Melbourne, goti la mpinzani likampata kisogoni. Nikamkalisha benchini.

“Nani kafunga la mwisho?” Dokta Prue, daktari wa timu, akamuuliza, kumpima kumbukumbu.

“Dokta, beki gani anakumbuka mambo hayo?”

Prue akacheka, akainama kutafuta tochi mkobani. Beki akanivuta mkono, akanong'ona, “Kaka, leo tunacheza na nani?”

Nililirudia swali lake kwa sauti kubwa, ili Prue asikie.

Siku hizi yule beki anafundisha watoto kuogelea, mjini Bendigo.