Barua kwa watu walioketi nyuma yangu

Kwenye cyber ya mama mukubwa, mimi ndiye ninayeangalia programu inayokumbuka nani ameingia kwenye barua pepe yetu. Leo ilianza kukataa watu wapya, ikabidi niizime na kuiwasha tena. Lakini kuizima kungewatoa wateja wote waliokwisha kuingia, na kufuta barua ambayo papa mumoja alikuwa anamwandikia binti yake wa Vitshumbi tangu asubuhi.

Kusema mbele ya watu, mimi siwezi. Nikawatumia wote barua pepe: «Tafadhali mumalize, nataka kuzima.»

Papa, aliyeketi nyuma yangu kabisa, akatujibu wote kwa barua pepe: «Ngoja, mutoto. Nimebakiza salamu za mashangazi, na ni wengi.»

Cyber nzima ikacheka. Nikangoja, hata shangazi wa mwisho akasalimiwa.

«Imeenda,» akaninong'oneza. «Sasa zima.»