Nyama Aliyoirusha Pazi

Pazi alikuwa amefundisha mbwa wa ulinzi miaka kumi na tisa, kwenye uwanja mmoja ng'ambo ya Kihonda, na majirani walikuwa wamechoka hata kumcheka. Mluguru, Mwislamu wa swala tano, halafu anashinda na mbwa! Sheikh wake hakumkataza. Alimwambia aoshe panapoguswa na mate, mara saba, moja kwa udongo, kisha aswali zake. Hivyo ndivyo alivyoishi, na ndoo yake karibu.

Mwaka huu alipewa Pilipili, jike jekundu lenye akili za ajabu. Ukimwambia kulia anakwenda kulia, ukimwambia kushoto hivyo hivyo, hata ukiwa umempa mgongo. Wapo bodaboda wa Msamvu wasioliweza hilo. Kazi ilibaki daraja la mbao: ubao wa kupandia, wa kupitia juu, na wa kushukia. Mwisho wa ubao wa kushukia umepakwa rangi ya njano, na mbwa lazima aikanyage kabla ya kugusa chini, maana anayezoea kuruka kutoka juu huharibu mabega. Ili ajifunze, unainama pale kwenye njano, unamlisha nyama kwa mkono. Kila mara, bila kukosa hata siku moja.

Pazi alilijua hilo kuliko yeyote. Ila zamu ya Pilipili ilikuwa karibu na adhuhuri, na siku nyingine alikuwa ameshaosha na kuvaa kanzu. Kuinama ni kulambwa, na kulambwa ni kuanza kuosha upya. Basi akawa anasimama mbali, anairusha nyama kwenye majani. Alianza siku moja, ikawa wiki mbili. Tusiisingizie dini, haikumtuma. Ulikuwa uvivu wake mwenyewe. Na Pilipili akajifunza barabara alichofundishwa, kuruka kuifuata nyama.

Kisha mbwa akakabidhiwa kwa Modesta, binti wa wakulima wa kabichi wa Mgeta, aliyekuwa akifagia mabanda tangu aajiriwe. Wakifaulu mtihani, Modesta anakuwa mwongoza mbwa. Wakishindwa, anarudi kwao.

Siku ya mtihani binti hakukosea kitu. Alisema kushoto, Pilipili akageuka kushoto na kulipanda daraja. Modesta akainama kwenye njano, nyama mkononi. Lakini Pazi alikuwa amesimama ng'ambo ya uwanja na kanzu yake, na mbwa alipofika juu akamwona, akaruka kumfuata. Akaangukia bega. Daktari wa mifugo alisema hatapanda tena daraja maisha yake yote.

Gervas, msimamizi wao, aliuliza kulikoni. Modesta akajibu kwamba labda alimkimbiza mno, kosa ni lake. Pazi alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Akajitia hamnazo, akatazama viatu vyake, na binti akaambiwa Jumamosi afungashe.

Siku tatu nafsi ilimsuta Pazi. Alisimama kwenye swala akiwa ameosha kila mahali, na akajiona mchafu kuliko siku zote za kazi yake. Ijumaa akaenda kwa Gervas akasema yote. Gervas akasema Modesta atabaki, atapewa mbwa mwingine na mtihani mwingine. Kumwambia sababu, akasema, ni kazi ya Pazi.

Alimkuta bandani, anamfunga Pilipili kitambaa begani. Binti akamwamkia shikamoo mwalimu, naye akaitikia marahaba. Akamweleza habari ya kanzu, ya ndoo na ya nyama majanini. Modesta alisikiliza bila kuacha kufunga.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "mimi nilikuwa hapo hapo kila siku, nafagia. Ungeniita tu. Ningeinama mimi."

Hakuwa amekasirika. Pazi akatamani afadhali binti angemtukana.